Mradi Uliohesabiwa Kufa: Uchambuzi wa Kisa cha Demon's Souls

Mwaka 2006 studio ya FromSoftware ya Tokyo ilianza kutengeneza gemu ya fantasia ya giza kwa ajili ya PlayStation 3, kwa fedha za Sony. Ilipotoka miaka mitatu baadaye, gemu hiyo ilikuwa imeshabezwa kwenye maonyesho, na kampuni iliyoigharamia haikutaka hata kuiuza yenyewe Marekani wala Ulaya. Leo ndiyo inayotajwa kuwa mama wa mfululizo wa Dark Souls na wa kundi zima la michezo inayoiga mtindo wake.

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya yeyote anayetengeneza gemu, programu au kazi yoyote ya ubunifu inayopitia mikono ya mfadhili. Majina ya gemu, ya kampuni na ya mkurugenzi nimeyaacha kwa sababu bila hayo kisa hakieleweki. Wengine nimewataja kwa vyeo tu, hasa wale ambao uamuzi wao ulikuja kuonekana kuwa kosa. Kinachofundisha hapa ni njia waliyopita hadi kuamua.

## Usuli

FromSoftware ilianzishwa mwaka 1986 na mwanzoni ilitengeneza programu za kazi za ofisi. Gemu yake ya kwanza, King's Field, ilitoka Desemba 1994, wiki mbili hivi baada ya PlayStation ya kwanza kuingia madukani Japani. Ilikuwa gemu ya mapango na upanga, nzito, ya mwendo wa taratibu, isiyombembeleza mchezaji. Ilipata mashabiki wachache lakini waaminifu. Toleo la nne lilitoka mwaka 2001, na baada yake hapakutoka toleo jingine kuu.

Demon's Souls ilianza pale mtayarishaji mmoja wa Sony Japani, aliyeipenda King's Field, alipoiendea studio akitaka roho ile irudi kwenye mashine mpya. Wazo lilikuwa zuri na fedha zilikuwepo. Lakini kazi haikwenda. Timu ilishindwa kutoa hata mfano mmoja wa kuchezeka uliomfanya mtu aseme: hapa pana kitu. Ndani ya studio mradi ukaanza kuhesabiwa kuwa umeshindwa, ingawa haukufungwa.

Hidetaka Miyazaki hakuwa sehemu ya mradi huo. Alikulia Shizuoka katika familia isiyo na uwezo, akisoma vitabu vya kuazima maktaba. Vingine vilikuwa vya Kiingereza kilichomzidi kimo, kwa hiyo pale aliposhindwa kuelewa alijaza kwa kutazama picha na kubuni mwenyewe. Alisoma sayansi ya jamii katika Chuo Kikuu cha Keio, akaajiriwa na kampuni ya Oracle, na akaamua kubadili maisha baada ya rafiki kumshauri acheze gemu ya Ico. Alikuwa na miaka 29, hana uzoefu wa kutengeneza gemu, na studio nyingi hazikumtaka. FromSoftware ilimchukua mwaka 2004, kwa mshahara mdogo sana kuliko aliouacha. Alianza kama mpangaji wa mambo ya mchezo kwenye gemu za roboti za Armored Core, na muda si mrefu akawa mkurugenzi wa Armored Core 4, iliyotoka 2006, na wa ile iliyofuata mwaka 2008.

Hilo la mwisho lisisahaulike. Simulizi nyingi zinamchora kama mgeni aliyeokota mradi uliotupwa. Ukweli ni kwamba alipoukamata alikuwa ameshaonja kazi ya ukurugenzi, na ndani ya studio alikuwa anajulikana.

## Mfululizo wa matukio

Miyazaki aliposikia kuna gemu ya fantasia inayosuasua, aliomba aichukue. Miaka baadaye alieleza hesabu yake bila kuficha: akiipata, angeweza kuigeuza vyovyote atakavyo, na mawazo yake yakifeli hakuna ambaye angejali, kwa sababu mradi ulikuwa umeshafeli tayari.

Kuanzia hapo gemu ilibadilika. Ufalme wa Boletaria umemezwa na ukungu, mashetani wanakula roho za watu, na mchezaji anatokea kwenye jengo la kale liitwalo Nexus lenye mawe ya kumpeleka kwenye nchi mbalimbali. Mwisho kabisa wa sehemu ya mafunzo linakungoja shetani kubwa ambalo karibu kila anayeanza huuawa nalo. Mjuzi akiliua, haponi: anasogezwa mbele kidogo, anapigwa ngumi moja na joka, na anakufa vilevile. Kifo ndicho kinachokuingiza kwenye gemu yenyewe.

Oktoba 2008 gemu ilipelekwa kwenye maonyesho ya Tokyo Game Show, na mapokezi yalikuwa mabaya. Wageni walipewa muda mfupi wa kucheza. Wapo ambao muda uliwaishia wakiwa bado wanaumba sura ya mhusika wao. Waliofika vitani walikufa haraka, wakarudisha pedi ya kuchezea na kwenda banda jingine.

Gemu ilipokaribia kukamilika, mkuu wa studio za Sony duniani aliijaribu. Alicheza kama saa mbili, na saa mbili zilipoisha alikuwa bado yuko mwanzoni. Alisema ni gemu mbaya kupita kiasi. Sony ikaamua kuiuza Japani na katika sehemu nyingine za Asia, lakini si Marekani wala Ulaya.

Demon's Souls ilitoka Japani tarehe 5 Februari 2009. Jarida la Famitsu liliipa alama 29 kati ya 40, alama za kitu cha kawaida tu. Wiki ya kwanza mauzo yalikuwa madogo, na kwa desturi ya soko la gemu mauzo ya wiki ya kwanza yakiwa madogo, yanayofuata huwa madogo zaidi. Hapa ikawa kinyume. Watu waliendelea kuambiana, nakala ziliendelea kutoka, na miezi ilipopita Japani peke yake ilivuka nakala 100,000.

Jambo jingine halikupangwa na mtu. Toleo la Asia lilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na diski za gemu za PlayStation 3 hazikufungwa kwa kanda za dunia, yaani diski ya nchi moja ilichezeka kwenye mashine ya nchi nyingine. Wachezaji wa Marekani na Ulaya wakaanza kuagiza diski kutoka Hong Kong. Mijadala kuhusu gemu ambayo rasmi haikuwepo kwao ikawa mikubwa kiasi cha kumfanya mchapishaji mwingine, Atlus, aichukue na kuitoa Amerika Kaskazini Oktoba 6, 2009, pamoja na toleo maalumu lenye kitabu cha mwongozo. Iliuza mara kadhaa ya walivyotarajia. Mwisho wa mwaka tovuti ya GameSpot iliitaja kuwa gemu bora ya 2009. Ulaya ilisubiri hadi Juni 2010, kupitia kampuni ya Namco Bandai.

## Maamuzi makubwa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu kufa. Ukifa unaacha chini roho zote ulizokusanya, ambazo ndizo fedha na ndizo nguvu zako. Unarudi mwanzo wa eneo, maadui wote wamefufuka, na una nafasi moja ya kufika ulipoangukia uzichukue. Ukifa tena njiani, zimepotea. Wengi walisikia hayo wakadhani gemu imetengenezwa kwa ajili ya kutesa. Miyazaki amerudia mara nyingi kwamba ugumu haukuwa lengo. Lengo lilikuwa ile hisia ya mtu kushinda kitu ambacho kweli kilimshinda jana.

Ili hilo liwezekane, kifo lazima kifundishe. Ukiichunguza gemu utaona jinsi jambo hilo lilivyoshughulikiwa kwa makini. Maadui wanakaa palepale kila mara. Yule mwenye mkuki nyuma ya mlango atakuwa nyuma ya mlango hata ukirudi mara ya ishirini. Roho unaweza kuzipoteza, ila ukishajua yuko pale hakuna wa kukunyang'anya hilo.

Uamuzi wa pili, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote, ulihusu mtandao. Miyazaki amesimulia kwamba siku moja alikuwa akipanda mlima kwa gari, theluji imejaa barabarani. Magari ya mbele yakaanza kuteleza, ya nyuma yakakwama. Basi gari la nyuma likawa linalisukuma la mbele, hivyo hivyo moja baada ya jingine, hadi yakapita. Alipovuka hakuweza kusimama kushukuru, maana angesimama angekwama tena. Akaenda zake akijiuliza kama yule wa mwisho kwenye foleni alifika nyumbani, akijua hatakutana nao tena.

Mfumo wa mtandao wa Demon's Souls umetoka moja kwa moja kwenye barabara hiyo. Hakuna orodha ya marafiki wala kupiga soga. Unacheza peke yako, lakini unaona vivuli vya wachezaji wengine vikipita kwa sekunde chache kisha kutoweka. Unaona madoa ya damu chini. Ukiligusa doa, mzuka mwekundu unakuonyesha nyakati za mwisho za aliyefia pale. Unaweza kuandika ujumbe sakafuni kwa maneno yaliyopangwa tayari, kwa mfano kuonya kwamba mbele kuna mtego. Kwa kuwa maneno yamepangwa, hayana matusi, na wachezaji wa lugha mbalimbali wanaweza kusoma ujumbe uleule, kila mmoja kwa lugha yake. Msomaji akiupendekeza ujumbe wako, wewe uliko unaongezewa uhai, labda katikati ya pigano ambalo ungekufa, na hutajua ni nani aliyekuokoa. Unaweza kumwita mtu akusaidie. Mtu mwingine anaweza kukuvamia akuue. Kuna hata bosi mmoja (bosi ni adui mkuu wa eneo), yule mtawa mzee wa mnara wa Latria, ambaye badala ya kupigana mwenyewe anamwita mchezaji halisi kutoka mahali pengine duniani apigane nawe kwa niaba yake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kukata. Kwenye Nexus kuna mawe sita, lakini moja limevunjika na halikupeleki popote. Hiyo ndiyo nchi ya majitu ya kaskazini, iliyoondolewa wakati wa utengenezaji. Badala ya kufuta kila dalili yake, studio iliacha jiwe limevunjika na kulipa sababu ndani ya hadithi. Hata studio ya Bluepoint walipoitengeneza upya gemu hii kwa PlayStation 5 mwaka 2020, nchi hiyo hawakuirudisha.

## Matokeo

Haki za jina Demon's Souls zilikuwa za Sony. FromSoftware walipotaka kuendelea na mtindo huo kwenye mashine za kampuni nyingine pia, ilibidi wabuni ulimwengu mpya kwa jina jipya na mchapishaji mwingine. Dark Souls ilitoka Septemba 2011 Japani, na nje ya Japani chini ya Namco Bandai. Miyazaki akawa rais wa studio mwaka 2014, miaka kumi tu tangu aingie. Elden Ring, gemu yao nyingine ya mtindo huo, iliyotoka Februari 2022, ilivuka nakala milioni 20 ndani ya mwaka wake wa kwanza.

Sony walikiri kosa waziwazi. Yule mkuu aliyecheza saa mbili alisema hadharani kwamba upande wao haukuweza kuona thamani ya kitu walichokuwa wanakitengeneza wenyewe. Wakarudi kwa FromSoftware kutafuta gemu mpya, nayo ikawa Bloodborne ya mwaka 2015. Mwaka 2022 Sony wakanunua asilimia 14.09 ya hisa za studio hiyo. Nawaheshimu kwa kukiri kwao, maana wakubwa wengi wangetafuta wa kumtupia lawama.

Seva za gemu ya awali, yaani kompyuta zilizowaunganisha wachezaji, zilifungwa Februari 28, 2018, miaka tisa tangu itoke.

## Uchambuzi: zile saa mbili

Wengi wanapokisimulia kisa hiki humcheka yule mkuu. Mimi naona tukimcheka tunalipoteza somo lenyewe. Kwa kile alichokiona, hukumu yake ilikuwa ya haki. Toleo alilopewa lilikuwa bado lina picha zinazokwama, na sehemu ya mtandao ilikuwa haijaanza kufanya kazi.

Hilo la mtandao ndilo kiini cha kisa. Demon's Souls haina mwalimu ndani yake. Haikuelezi mitego, haikuonyeshi njia, haikuambii bosi anaogopa nini. Kazi hiyo wameachiwa wachezaji wengine: ujumbe sakafuni, doa la damu ukingoni mwa shimo, mzuka unaokimbilia mlango usiouona. Ukiuondoa mtandao unabaki na ukatili peke yake, na huwezi kudai kwamba umeionja gemu. Mkuu yule alicheza nusu ambayo haijawahi kukusudiwa kusimama yenyewe, akaihukumu nusu hiyo, na hukumu ikaangukia gemu nzima.

Maonyesho ya Tokyo yalikuwa na kasoro ileile kwa umbo jingine. Banda la maonyesho linaipendelea gemu inayovutia ndani ya dakika tano. Gemu ambayo furaha yake inakuja ukilishinda leo lililokushinda jana haiwezi kuonekana pale, kwa sababu pale hakuna jana. Na kumwacha mgeni atumie dakika zake kuchagua umbo la pua lilikuwa kosa la waandaaji, hata kama gemu ingekuwa rahisi. Wangempa mhusika aliyeumbwa tayari, eneo moja fupi, na mtu wa timu asimame pembeni.

Studio nayo ina lawama yake. Mtu mwenye mamlaka ya kuamua hatima ya kazi ya miaka mitatu hakabidhiwi pedi na toleo lisilokamilika akaachwa peke yake. Angeonyeshwa wachezaji wa majaribio wakicheza kwa siku kadhaa, mtandao ukiwa umewashwa, na swali la kupima liwe tofauti. Swali la "umefurahia?" baada ya saa mbili halikufaa. Swali lililofaa lilikuwa: je, mchezaji anayekufa mara ya kumi anafia mbali kuliko alipofia mara ya kwanza? Kama jibu ni ndiyo, gemu inafundisha, na ugumu wake una kazi. Kama anafia palepale, basi mkuu yuko sahihi na fedha zizuiwe.

## Uchambuzi: uhuru wa mradi ulioshindwa

Lililofanikiwa zaidi ya yote ni kwamba mtu mwenye maono alipata nafasi bila macho mengi kumtazama. Lakini naomba msomaji asiondoke na imani kwamba ubunifu unastawi ukitelekezwa. Miradi iliyotelekezwa kwa kawaida hufa, na hatusimuliwi habari zake. Huu ulikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: fedha za mfadhili ambazo hazijakatwa, timu inayojua kazi yake, na mkurugenzi aliyekuwa ameshaongoza gemu hadi ikafika sokoni. Kingekosekana kimoja, ule uhuru usingezaa chochote.

Bahati nayo ilikuwepo, na uchambuzi wa kweli hauwezi kuificha. Kama toleo la Asia lisingekuwa na Kiingereza, au kama PlayStation 3 ingefunga diski zake kwa kanda, sijui ni nani angemshawishi mchapishaji wa Marekani. Sony waliikataa gemu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, kupitia ofisi zao za Asia, wakatoa kile kile kilichothibitisha kwamba inatakiwa. Kiongozi wa mradi anayesoma hapa ajiulize ni maamuzi gani madogo ya tafsiri na usambazaji anayoyapitisha bila kufikiri, yanayoweza kuja kumfungulia soko.

## Yaliyoshindikana ndani ya gemu yenyewe

Sifa za baadaye zimefunika kasoro ambazo zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kubwa ni mfumo wa mwelekeo wa dunia. Ukifa ukiwa na mwili wako kamili, si katika ile hali ya roho unayobaki nayo baada ya kufa, eneo linazidi kuwa jeusi. Ukiua mabosi, linaelekea weupe. Weusi unaongeza nguvu za maadui, na kuna watu na njia zinazoonekana tu dunia ikifika ncha ya weupe au ya weusi. Gemu haikuelezi hayo popote kwa namna inayoeleweka. Mbaya zaidi, inamwongezea mzigo yule aliyeshindwa tayari: mchezaji dhaifu anakufa, na kwa kufa kwake dunia inakuwa ngumu zaidi. Hii inakwenda kinyume kabisa na nia ya mkurugenzi ya kukifanya kifo kiwe mwalimu. Atlus, walioendesha seva za Amerika, waliugeuza udhaifu huo kuwa sherehe kwa kuisukuma dunia nzima iwe nyeusi wakati wa Halloween, sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba, na wachezaji waliipenda, lakini kasoro ilibaki kasoro.

Ya pili ni majani ya dawa. Uhai unarudishwa kwa kula majani yanayookotwa na kununuliwa, na mchezaji mvumilivu anaweza kubeba mzigo mkubwa wa majani akamaliza pigano kwa kula tu. Mwingine, ambaye ameyamaliza kwa bosi mgumu, analazimika kurudi maeneo rahisi akakusanye kwa saa nzima kabla ya kujaribu tena. Anayeyahitaji zaidi ndiye anayeyakosa.

Ukilinganisha na Dark Souls utaona studio iliyasoma makosa hayo yote mawili. Mwelekeo wa dunia uliondolewa. Mahali pa majani iliwekwa chupa ya Estus, yenye idadi maalumu ya kunywa inayojaa upya kila unapokaa kupumzika kando ya moto, kwa hiyo kila jaribio linaanza na akiba ileile kwa mjuzi na kwa anayejifunza. Nexus na mawe yake nayo yakatoa nafasi kwa dunia moja iliyoungana, ambamo mlango uliofungua leo unakurudisha kwenye ule moto uliouacha juzi.